Zamu ya Alhamisi

Hebu nikutegee wewe uliyejikunyata hapo. Nina mgeni anayekuja watu wamelala, akaondoka chai haijachemka. Hapigi hodi na wala haagi. Lakini siku akiondoka hamjamtumia, mtu atashika tama mwaka mzima. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi usihangaike kunipa mji. Nachingwea ninayo, na Ruangwa nina ndugu. Huyo mgeni ni umande.

Kama hulimi korosho utaniuliza umande una kazi gani. Mkorosho ukianza kutoa maua, mwezi wa saba na wa nane, unaingiwa na ubwiri unga. Maua yanakuwa kama yamenyunyiziwa majivu, yanageuka meusi, yanapukutika, na ndiyo mavuno yameondoka hivyo. Dawa yake ni salfa, lile vumbi la njano linalopulizwa kwa mashine. Vumbi hilo halishiki jani kavu. Linataka jani limelowa umande na hewa imetulia. Jua likipanda na upepo ukaamka, utakuwa unapulizia barabara na mbuzi wa jirani.

Sasa kazi ya Edina ilikuwa hiyo. Alikuwa bibi shamba wa shirika moja dogo la wakulima, lenye ofisi pale mjini Nachingwea, nyuma ya soko. Wakulima wake walikuwa Mandawa, upande wa Ruangwa, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa pikipiki, tena vumbi tupu. Msimu wa maua alikuwa analala huko kwa mama mjane anaitwa Mama Prisca. Alfajiri anapita mikoroshoni, anapapasa majani kwa kiganja, na kiganja kikilowa anasema washeni. Watu wa Mandawa walimzoea hivyo. Asipopapasa yeye, mashine haiwaki.

Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu ofisi haikuwa na paa. Mwezi wa nne mwaka jana upepo wa mvua uliling'oa, ukalitupa kule uwanjani. Kwa miezi kumi na minne kila mtu alifanyia kazi alipo, wengine nyumbani, wengine mashambani, wakitafutana kwa simu. Kilichobaki ni kibaraza na chumba kimoja cha mbele, na hapo walipeana zamu, mtu mmoja kila siku kuanzia saa nne hadi saa tisa, ili mkulima akija asikute mlango umefungwa.

Niseme kweli, wapo waliofanya kazi kuliko walivyokuwa wakifanya ofisini, na wapo waliosahau hata rangi ya mlango. Modest, aliyekuwa anahudumia wakulima wa Chiola, alinunua na kuuza ufuta mchana kweupe, simu ya kazi ameifungia kwenye droo. Kila mtu alilijua hilo.

Mwezi wa sita mwaka huu paa likarudi, na pamoja nalo akaja meneja mpya, Nicholaus, mtu wa Mtwara, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Akabandika ukutani mashine ya kuweka kidole. Saa moja na nusu asubuhi kidole kiwe pale, kila siku ya kazi. Asiyeweka anaandikiwa barua. Barua ya tatu mkataba unavunjwa.

Edina alijaribu kutii. Wiki ya kwanza ya maua aliwaelekeza watu wa Mandawa kwa simu. Wao wakamngoja. Walikaa chini ya miti na mashine zao mgongoni, mmoja akisema tuanze, mwingine akisema mama hajapapasa, mpaka saa tatu ikafika na upepo ukaja. Walipowasha, salfa yote ilikwenda barabarani. Mama Prisca alipiga simu akicheka kwa uchungu, akasema kuku wake wote sasa ni wa njano na korosho zake ni zilezile.

Wiki ya pili Edina akaenda mwenyewe. Akarudi saa nne, akapata barua. Wiki ya tatu akaenda tena, akapata ya pili.

Ndipo alipomwendea meneja. Alimweleza habari ya umande kwa upole, kama anavyomweleza mkulima. Alisema imebaki mipulizo miwili tu na maua ya Mandawa yatakuwa yameokoka, na kwamba kwa muda huo anaomba kuingia saa nne, na jioni atakaa mpaka amalize. Nicholaus alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alisema kila anayeingia mlango ule ana umande wake. Akimruhusu mmoja, kesho atajibu nini kwa wengine? Akamwambia asubiri Jumatatu, wakulima wa Chiola wanakuja na malalamiko yao. Akishawasikia ataamua.

Edina aliposikia Chiola, akatamani Jumatatu isifike. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Alhamisi moja, Modest alikuwa na zamu ya kibarazani. Akaomba wabadilishane, ana magunia yake ya ufuta yanapakiwa. Edina akakubali kwa mdomo, hawakuandika popote. Jioni ya siku ile fundi cherehani jirani na ofisi alimwambia Edina kwamba mzee mmoja wa Chiola alikuja kwa baiskeli, amefunga tawi la mkorosho kwenye kanga kuukuu, akakuta kufuli, akakaa kibarazani mpaka baada ya adhuhuri, akaondoka. Edina alisikia na akanyamaza. Alijiambia mzee atarudi. Hakurudi.

Jumatatu ikafika. Walikaa kwenye chumba kikubwa chini ya paa jipya, wafanyakazi upande huu, wakulima sita wa Chiola upande ule. Fauzia, karani, alikuwa pembeni na kompyuta yake. Akasimama mzee Saturnini, mwembamba, kofia mkononi. Edina hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Mzee hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mwaka jana maua yake yalianza kuwa na majivu. Alikuwa na mfuko wa salfa, wa kwanza maishani mwake, hajui unatumikaje, kwa hiyo akakata tawi, akapanda baiskeli aje aulize. Akakuta kufuli. Akakaa. Njaa ilipomshika akarudi, na kesho yake akafanya alivyojua yeye. Aliukoroga ule unga kwenye maji kama dawa ya wadudu wa bustanini, akautia kwenye mashine ya mgongoni, akanyunyizia saa sita mchana, jua la kupasua kichwa. Maua yote yaliungua. Mikorosho sabini na minne, hakuvuna hata ya kutafuna. Binti yake wa mwisho alikuwa aingie chuo cha uuguzi. Yupo nyumbani mpaka leo, anachota maji.

"Sikuja kudai," alisema. "Nataka jambo moja tu. Yule mwenye zamu siku ile alikuwa wapi?"

Bati jipya lilikuwa linalia kwa joto, ka, ka, kama mtu anavunja vijiti. Nicholaus akafungua faili, akatoa karatasi ya zamu ya mwaka jana, akashusha kidole mpaka Alhamisi ile.

"Modest," akasema.

Modest alimtazama Edina. Akamtazama kwa muda ambao mtu anaweza kumeza mate mara mbili, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Meneja alimuuliza alikuwa wapi, Modest hakusema. Akamkumbusha kwamba tayari ana barua mbili za kuchelewa, na kwamba habari za ufuta zilishamfikia. Akamwambia Fauzia aandike ya tatu. Halafu, palepale, akageukia upande wa Edina na sauti ikalainika. Alisema yeye si mtu wa kuabudu saa. Aliuliza Mandawa mwenyewe, ameambiwa mwaka jana kule walivuna vizuri. Kazi ya Edina inaonekana. Kuanzia kesho aingie saa nne mpaka maua yaishe, asiandikiwe barua. Huo ndio uaminifu anaoutaka, akasema, na mbele ya wazee wa Chiola anaomba wengine wajifunze kwake.

Edina alisema ahsante. Alijisikia akiisema.

Wakatoka kidogo kwa chai. Modest alimfuata hadi kwenye tangi la maji, nyuma ya jengo, na wala hakumkaribia sana.

"Dada Edina, ufuta niliuza, sikatai. Wanipige kwa ufuta. Lakini ile Alhamisi si yangu."

Edina akamwomba. Alimwambia ampe wiki mbili tu. Mipulizo miwili, Mandawa wamalize, halafu ataingia mwenyewe kwa meneja na kusema kila kitu. Akisema sasa hivi ruhusa itafutwa, na kesho alfajiri watu wanamngoja, mashine zimeshajazwa mafuta. Familia arobaini na kitu, Modest. Maua hayasubiri.

"Na wanangu wanne ni maua?" Modest akauliza. "Wao watasubiri?"

Modest akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Ningekutaja mle ndani. Nani angeniamini? Mimi ndiye mwuza ufuta. Wewe ndiye mama wa umande. Nenda kanywe chai, bibi, inapoa."

Akamwacha pale. Edina alifungua bomba la tangi akanawa uso, akafunga, akafungua tena. Alijaribu kupanga hesabu ya haki kichwani, Mandawa upande huu, Modest upande ule, na kila alipoipanga alijikuta yeye mwenyewe amesimama upande unaofaidi. Hilo ndilo lililomchoma. Kama ananyamaza kwa ajili ya Mama Prisca kweli, mbona mwaka mzima alinyamaza wakati Mama Prisca hakuwa na cha kupoteza?

Waliporudi ndani, watu walikuwa na vikombe, isipokuwa mzee Saturnini. Fauzia alikuwa amemwekea chai na andazi, vyote viko palepale, nzi mmoja anazunguka. Wenzake wa Chiola walimwambia anywe, safari ni ndefu. Alijibu kwamba alikuja na swali, na bado analo.

Nicholaus akataka kufunga kikao. Alisema mhusika amepatikana, hatua imechukuliwa, na kuanzia sasa mlango huu hautakutwa na kufuli tena. Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Umenionyesha mtu, baba. Hujanijibu alikuwa wapi."

Mashine ya kuchapa ilinguruma, ikatoa karatasi moja. Fauzia aliichukua kwa ncha za vidole, akaiweka mezani mbele ya Modest, na kalamu juu yake. Modest akavuta kiti. Alisoma barua ile mstari kwa mstari, midomo inacheza, kama mtu anayetafuta kosa la kumfurahisha. Hakulipata. Akashika kalamu.

Edina aliiona alfajiri ya kesho kama ipo mbele yake. Watu wako chini ya mikorosho na mashine mgongoni, wanageuza shingo kuelekea barabarani, mama hajapapasa. Aliwaona vizuri, mmoja mmoja. Akawaza kwamba tangu mwaka jana hakumfundisha hata mmoja wao kupapasa jani, na kiganja kila mtu anacho. Hata dakika tano chini ya mti mmoja zingetosha. Lakini alipenda kungojwa.

Akasimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu mpya na wote wakageuka. Modest akabaki na kalamu hewani. Meneja alimuuliza kama ana jambo la kuongeza, bado anatabasamu naye.

Edina hakumtazama meneja. Alikwenda hadi alipokaa mzee Saturnini, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, akamwamkia upya ingawa walishasalimiana asubuhi. Mzee akaitikia marahaba, akangoja.

"Zamu ilikuwa yangu, babu. Modest alinipa kwa mdomo, nikaipokea," alisema. "Nilirudi kutoka Mandawa nina salfa mpaka kwenye nyusi. Nikapita nyumbani ninawe. Nikakaa kitandani nivue viatu, nikalala. Ulipokuwa umekaa pale kibarazani na tawi lako, nilikuwa nimelala."