Upande wa Kromu

Misalaba ya kulinganishia michoro ilikuwa imekaa sawasawa, mmoja juu ya mwenzake, na bado kila kitu kingine kilikuwa kimekwenda mrama. Mosi alisogeza hadubini kushoto, akasogeza kulia. Mistari ya kioo cha pili ilitakiwa iangukie juu ya mistari iliyochapwa na kioo cha kwanza. Badala yake ilikuwa imeelekea upande mwingine kabisa, kama kiatu cha kushoto kilicholazimishwa mguu wa kulia. Kioo kilikuwa kimechongwa kinyume.

Hasira ilimpanda ndani ya ovaroli nyeupe, nyuma ya barakoa, na hapakuwa na pa kuitua. Katika chumba safi cha chuo kile hukimbii, hupigi kelele, hata kuhema kwa nguvu ni kosa, maana hawataki chembe ya vumbi la mtaa wa Msamvu iruke. Alitembea polepole hadi mlangoni, kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Kioo chenyewe kilikuwa kipande cha mraba kilichopakwa kromu, na katika kromu hiyo umechongwa mchoro wake wa muhula mzima. Mwanga hupita penye uwazi, ukachapa mistari kwenye kisahani cha silikoni. Alikuwa akitengeneza kidude cha kupima chumvi kwenye maji. Bila kidude hakuna mtihani, na bila mtihani anarudia mwaka. Vioo viliagizwa ng'ambo, na Daktari Rahel, mwalimu wao, alikwisha sema hataagiza kingine kwa ajili ya mtu yeyote. Kule Kinole, mlimani, mama yake alishawatangazia majirani kwamba mwaka huu mwanawe anamaliza.

Na Kasiani alijua. Hilo ndilo lililomchoma.

Kasiani, fundi wa maabara, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mosi ni Mluguru. Tangu siku ya kwanza wakawa watani. Yeye alimwita Mosi mla magimbi, na Mosi akamwita mpagazi aliyesahau mzigo. Wiki ya kutuma michoro, Kasiani alipita nyuma yake, akachungulia kompyuta, akasema, "Mluguru, mchoro wako umenuna, umetupa mgongo. Ugeuze kabla hujatuaibisha." Mosi alicheka, akamwambia arudi kwao akarine asali. Akatuma. Maneno ya mtani nani huyatia maanani?

Alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, anakunja ovaroli. Kasiani alikiona kioo mkononi mwake, akaelewa.

"Mluguru, si nilikuambia?"

"Usiniite Mluguru."

Kasiani alicheka, akidhani mchezo ndio umeanza. Mila inajulikana: mtani hakasirikiwi. Atakunyang'anya sahani, atakukejeli hata msibani kwa baba yako, nawe utacheka. Anayenuna ndiye mwenye kosa, na hutozwa kuku. Mosi aliyajua yote hayo, na ndiyo yaliyomzidishia ghadhabu.

"Mchoro wa Twalibu ulikuwa na kosa hilohilo," alisema. Twalibu walikuwa wakisoma naye darasa moja. "Nilikuwepo. Ulivuta kiti, ukachukua karatasi, ukamwelekeza mpaka akaelewa. Mimi ukanitania."

Kasiani alijitetea kwamba Twalibu si mtani wake. Kwa Mosi angesemaje, kama si kwa mzaha?

"Mzaha mzaha, hutumbua usaha," Mosi alisema. "Basi utani nimeuacha. Faini ya kuku nitatoa. Kuanzia leo nifundishe kama unavyomfundisha Twalibu."

Kasiani aliacha kukunja. Kisha akavuta kiti.

"Kaa, Mosi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake, na halikumpa raha hata chembe.

Alimweleza kwa sauti kavu. Upande wa kromu ndio unaolalia kisahani, kwa hiyo mchoro lazima utumwe ukiwa umegeuzwa. Mchoro wa kioo cha kwanza Daktari Rahel aliugeuza mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Mosi aliuma meno. Akavishika vioo vyote viwili, akavitazama kwa muda mrefu.

"Na nikikipindua kile cha kwanza?" aliuliza. "Nianze na kisahani kipya, kromu iwe juu. Kitachapa kinyume, na hivi viwili vitapatana."

"Mwanga utatawanyika ndani ya kioo. Mistari itavimba."

"Ile ya kwanza ni mipana. Itavimba kiasi gani?"

"Sijui."

Mosi alingoja maneno ya kejeli yafuate. Hayakufuata.

"Basi tutaona," alisema. Alichukua karatasi, akapanga hatua zote upya kuanzia kuosha kisahani. Kasiani aliisoma, akasahihisha muda wa kuoka kisahani, akairudisha.

Ndani, chini ya taa za manjano, Mosi alikilaza kioo cha kwanza kromu ikiangalia juu. Kasiani alisimama kando yake, mikono nyuma, kimya kama mgeni aliyefika nyumba asiyoizoea. Mosi akabonyeza kitufe, na mwanga ukaanza kupita.