Kodi Aliyoishika Shemasi Anicet

Shemasi Anicet alipomwambia kwamba tiketi yake haitoki mpaka aongeze kodi ya serikali, Mama Élisabeth aliangalia kwanza viatu vya shemasi, vyeusi, vimechongoka kama mdomo wa kuku, vinang'aa kuliko madhabahu ya kanisa lao. Halafu akauliza kwa upole wa paka anayenyata:

"Kodi gani tena, papa shemasi? Si nilikuletea nauli yote?"

"Ile ilikuwa nauli, mama. Hii iko VAT. Asilimia kumi na tano. Hata soda unailipia VAT, sembuse ndege!"

Duka la Anicet lilikuwa Greyville, mjini Durban, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Upande mmoja kijana anatengeneza simu, upande wa pili Anicet anakata tiketi za kurudi nyumbani, na ukutani picha ya ndege kubwa yenye vumbi. Wakongo wote wa pale walikata kwake. Angeachaje mtu kukata kwa shemasi?

Nauli ya Mama Élisabeth ilitoka kwenye likelemba, ule mchezo wa akina mama ambapo kila mmoja anatoa, na kila mwezi mmoja anabeba chote. Alingoja zamu yake kama mtu anayengoja mvua. Ikafika pamoja na habari: Glody, binti wa mdogo wake marehemu, anatolewa mahari Lubumbashi Jumamosi ijayo. Na kwao mahari haipokelewi mpaka upande wa mama ukae kwenye mkeka. Upande wa mama wa Glody ulikuwa umebaki na mtu mmoja, yeye mwenyewe, aliyekuwa Durban akiuza vitenge. Asipofika, baba wa Glody atamkalisha pale mke wake mpya, yule aliyeingia nyumbani matanga hayajapoa. Mdogo wake atakuwa amezaa, amenyonyesha, amekufa, na mahali pake pamekaliwa na mgeni.

"Nikulipe hiyo kodi, utanipa risiti?" akauliza.

Anicet akaweka mkono kifuani kama aliyechomwa mwiba. "Mama! Mimi shemasi wako, mimi ninayekushikia kikapu cha sadaka, unaniomba risiti?"

Na Mama Élisabeth, mwanamke aliyewahi kumrudisha askari wa jiji kwa ulimi mtupu, akaona haya. Akainamisha kichwa. Akaomba msamaha! Akatoka akiahidi kutafuta.

Jirani yake kwenye flati alikuwa Amne, Mzanzibari anayeuza udi na manukato, mtu wa kwenda kwao na kurudi. Aliposikia habari hiyo aliacha kukaanga sambusa.

"VAT ya kwenda Kongo? Shoga, mie nimekwenda Unguja mpaka nimechoka, na VAT sijailipa hata siku moja. Ada za uwanja, sawa. Vikorokoro vyengine, sawa. VAT, wapi!"

Wakapiga simu kwenye shirika la ndege. Baada ya muziki mrefu wa kumlaza mtoto, akapokea binti wa Kizulu, akaeleza kwa Kiingereza cha polepole, Amne akitafsiri. Alisema: Gogo, yaani bibi, safari ya nje ya nchi VAT yake ni sifuri. Hata kipande cha Durban mpaka Johannesburg, kikiwa ndani ya tiketi hiyohiyo moja ya kwenda Lubumbashi, nacho ni sifuri. Ukikikata peke yake, kama mtu anayekwenda kutembea tu Joburg, hapo ndipo kinalipa.

"Ngiyabonga, asante, mwanangu," akasema Mama Élisabeth, akakata simu.

Hasira ikampanda kuanzia magotini. Kilichomchoma zaidi kilikuwa ile haya aliyoiona. Mwizi anataka kumwibia, na yeye ndiye aliyeomba msamaha!

"Twende tukamvunjie vioo," akasema Amne, mwiko mkononi.

"Hapana. Dukani atasema bibi kachanganyikiwa. Jumapili iko karibu."

Kanisa lao lilikuwa chumba cha juu ya duka la matairi. Desturi yao ni hii: mwenye safari anaitwa mbele, anawekewa mikono, kisha anabebeshwa vifurushi vya kila mtu. Pasta Vénérand akamwita. Anicet alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha sadaka, viatu vinang'aa.

"Mama yetu anakwenda Lubumbashi," akasema pasta. "Una neno kabla hatujaomba?"

Mama Élisabeth akachukua kipaza sauti. "Nina neno, pasta. Msiniombee mimi. Mimi ndege itanibeba. Tuombee pesa ya serikali."

Watu wakatazamana.

"Ndugu yetu Anicet anabeba mzigo mzito. Anakusanya kodi ya tiketi zetu kwa mkono, bila risiti, apeleke serikalini. Njia ni ndefu, na Durban iko na wezi, eish! Kwa hiyo kila aliyempa kodi ya kwenda Kongo asimame, tuiombee ile pesa ifike salama."

Akasimama Papy, kinyozi, aliyekwenda kumzika baba yake Bukavu. Akasimama Gracieuse na mtoto mgongoni. Wakasimama wengine, mpaka viti vya plastiki vikawa vinalia. Wakageuka wakahesabiana kwa macho.

"Hata mimi nilimpa," akasema mke wa pasta taratibu, akasimama.

Pasta Vénérand akashusha miwani. "Ndugu Anicet, serikali ilikupokelea wapi?"

"Pasta, hii si mambo ya kanisani!" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Durban kwenda Joburg iko safari ya ndani! Safari ya ndani inalipa VAT, kila mtu anajua!"

"Inalipa ikisafiri peke yake!" Mama Élisabeth akaacha kipaza sauti, hakukihitaji tena. "Gracieuse, mtoto huyo mgongoni, ukipanda taxi kwenda Sydenham unamlipia?"

"Hapana, mama."

"Halipi, kwa sababu amebebwa! Na Joburg yangu imebebwa mgongoni na Lubumbashi! Kwenye shirika wametuambia sifuri. Wewe ulimtoa mtoto mgongoni ukamdai nauli, halafu ukamdai na mama yake! Wafiwa, Anicet! Papy alikuwa na machozi machoni, wewe unamtoza kodi ya kaburi! Na mimi ukanifanya nikuombe msamaha. Mimi!"

Papy alikwenda akamtoa Anicet kikapu mikononi, polepole, kama mtu anayempokonya mlevi chupa.

Jioni hiyohiyo Anicet alibisha mlangoni kwa Mama Élisabeth. Mkononi tiketi moja, Durban mpaka Lubumbashi, bila kodi. Viatu vilikuwa na vumbi.

"Nisamehe, mama."

"Na pesa za wengine je?"

"Nitarudisha. Kidogo kidogo."

"Basi na msamaha wangu utaupata hivyohivyo, kidogo kidogo." Akafunga mlango. Ndani Amne alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, akizuia kicheko.

Jumamosi, Lubumbashi, alipoingia uani na kitenge chake kipya, wageni walikuwa wamekwisha kaa. Glody alimwona kwanza, akaanza kulia. Kwenye mkeka, mahali pa mama, alikuwa amejipanga mke mpya, kitambaa kichwani kirefu kama mnara.

Baba wa Glody akakohoa. "Shemeji, tulidhani hautafika."

Mama Élisabeth hakumtazama. Alisimama mbele ya yule mwanamke, mkoba begani, miguu imevimba kwa safari.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Mahali hapa pamelipiwa nauli."