Wanawake wa Kweli wa Filamu ya Lydia

Akina mama wenzangu, mtoto akianza kuwauliza wazee habari za zamani huku ameshika simu, kaa karibu yake. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali.

Binti yangu Lydia anauza vocha na vifaa vya simu pale Majengo mjini, Jumapili anakuja nyumbani huku kijijini Kaengesa. Kuna filamu moja anaipenda kuliko zote, ya wakati wa mkoloni, ya wanawake wa Kifipa walioamriwa kuacha kulima kwa matuta yetu ya kufukia majani yaoze yawe mbolea. Gari la bwana mkubwa lilipokuja, walipiga magoti barabarani wote, wakapiga makofi kumwamkia, kama tunavyowaamkia wakubwa. Ila hawakunyanyuka. Gari lipite wapi? Na nani ashitakiwe kwa kusalimia? Baadaye waliokuwa mbele walikamatwa mmoja mmoja majumbani mwao. Filamu inasema hakuna anayejua ni nani aliyewataja.

Mwishoni wanaonyesha picha chakavu ya wanawake wenyewe wa kweli. Lydia akaisimamisha, akaikuza, akamfuata mama mkwe wangu, Bibi Rozina, aliyekuwa anaota jua uani.

"Bibi, huyu binti mwenye kovu kwenye paji si wewe?"

"Huyo mwembamba? Kumbe nilikuwa mzuri."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

"Ningewaambia mngenipa nini?"

Wakacheka, na mimi jikoni nikacheka. Halafu Lydia akashusha sauti. "Na aliyewataja wenzako ni nani?"

Bibi akajivutia khanga mabegani. "Babu yake Adolfu," akasema. "Walimtisha, akataja. Walipotoka kifungoni tulimsamehe kanisani, yakaisha."

Adolfu ni jirani yetu. Tangu mume wangu afariki, yeye ndiye anayetulimia shamba kwa ng'ombe wake. Nilitoka na mwiko mkononi.

"Lydia, ulikuwa unarekodi?"

"Kumbukumbu tu, mama."

"Futa."

"Nimeshamtumia mshikaji wangu mmoja. Mmoja tu."

Haikupita wiki, Majengo nzima ilikuwa imeiona, na huku kijijini ikafika. Na iliyokuwa inazunguka ilikatwa pale pale kwenye jina la babu. Maneno ya kusamehe hayamo. Nani aliyekata? Lydia anaapa si yeye. Mshikaji anaapa si yeye. Sasa nikiingia dukani watu wakinyamaza, najiuliza walikuwa wanasema nini.

Nilikwenda kwa Adolfu. Alikuwa anatengeneza nira, hakuiweka chini.

"Adolfu, ile video imekatwa. Baada ya pale walipokata, bibi anasema walimsamehe."

"Habari ya babu naijua, Mama Lydia. Alituambia mwenyewe kabla hajafa. Nilichokuwa sijui ni kwamba na nyinyi mnajua."

"Mimi sikujua."

"Umeolewa humo miaka yote, mkweo asikwambie?"

"Hakuniambia."

"Nalima kwenu, mnanichekea, mnanipikia. Nikigeuka mnasemaje?"

"Hatusemi kitu."

"Hata angekuwa mtu mwingine angejibu hivyo hivyo."

Mvua iliponyesha alikuja kulima, kwa kuwa alishaahidi. Alipopumzika nikampelekea pombe ya ulezi. Nikaionja kwanza mbele yake, kama ilivyo desturi, mgeni aone ni salama. Akaipokea kwa mikono miwili, akatazama ndani, akaiweka chini kwenye udongo.

"Kunywa, mwanangu," bibi akamwambia kutoka mlangoni.

"Leo tumbo limejaa, bibi."

Akanywa maji kutoka kwenye dumu alilokuja nalo.

Lydia amefuta ya kwake, za watu zipo. Simkatazi mtu filamu. Nasema hivi: watu wa kweli wa hizo filamu wana wajukuu, na mnapakana nao shamba. Kabla mtoto hajauliza jina, wewe uliza litaangukia mlango wa nani.

Jioni ya siku ile aliyolima, mke wa Adolfu, Bertilla, alituletea maharage, kama anavyofanya siku zote. Safari hii hakukaa. Nilimshukuru, nikamshukuru tena, mpaka nikaona aibu. Maharage yapo kwenye beseni mpaka leo. Bibi ananiuliza mbona hatuyapiki. Namwambia kuni zimelowa, na ugali nausonga kila siku.