Meno ya Shujaa

Wasomaji waliisifu hadithi ya kitabu changu cha katuni: mwanamke wa Makutupora anayenyanyua malori kwa mkono mmoja. Michoro ndiyo waliyoiponda. Mtandaoni kila mpuuzi akajifanya fundi. "Shujaa gani ana pengo?" "Mchoraji kasahau meno mawili ya chini!"

Sikusahau chochote. Shujaa nilimchora kwa sura ya mama yangu, Anyesi, na mama aling'olewa meno hayo akiwa msichana, kama Wagogo wengi wa rika lake. Ningewajibu hivyo, yangeisha. Lakini mimi, mpuuzi kuliko wote, niliona aibu. Toleo la pili nikamjazia meno.

Nikampelekea mama. Toleo la kwanza alikuwa amelionyesha kanisa zima, akicheka mdomo wazi. Hili alilifungua, akalitazama kwa muda mrefu.

"Yotham, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Akalifunga taratibu, akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku ile, mama akitaka kucheka, kwanza huziba mdomo kwa khanga.