Eda ya Chui

Usiku wa jana niliota sinia la jikoni limekuja kuniita mahakamani. Lilisimama kando ya kitanda, likagonga chaga kwa ukingo wake, likasema, "Mize binti Makame, kadhi anakusubiri. Njoo na kasha."

Nililikasirikia, maana nililiacha na ukoko wa wali na halikuona haya kuja hivyo hivyo. Lakini sikuuliza kasha gani. Nyumbani kwetu kasha ni moja, la marehemu bibi, na ndani yake mna kitu kimoja kisichosemwa: ngozi ya chui.

Nieleze kidogo. Babu yetu, mzee Vuai, alijulikana kusini kote kuwa anafuga chui. Kwetu Unguja mtu akisemwa anafuga chui, hapana banda wala bakuli la nyama. Maana yake ana mnyama porini anayemtuma, na mbuzi wako akipotea unajua pa kwenda kuomba radhi. Babu alikufa zamani, na wenye elimu wanasema chui wa kisiwani nao wamekwisha, lakini kichaka chetu cha maweni hakuna aliyethubutu kukikata hata ufito. Sasa amekuja dalali, anakitaka kwa hoteli. Vibarua wake wamekataa kuingia. Mdogo wangu Pandu anasema dawa yake nyepesi: tuitoe ngozi, watu waione, waache kuogopa. Alinipa mpaka asubuhi nimjibu, nami nililala sijaamua.

Basi nabeba kasha, sinia linatangulia. Nafungua mlango wa kutokea uani, na ua haupo. Pana pango, limetandikwa mikeka, na katikati limekatwa kwa pazia jeupe.

Kadhi ni popo mkubwa aliyetoka Pemba. Ananing'inia darini kichwa chini, kanzu kaifunga kwa kamba miguuni ili isimwanguke. Tunaamkiana vizuri. Mlangoni amesimama pundamilia na begi lake. Namwuliza anangoja nani.

"Simngoji mtu," anasema. "Nilikuja matembezini Unguja ilipokuwa bado imeshikana na bara. Nikachelewa kuondoka, bahari ikafunga njia."

Nikampa pole. Akasema ameshapoa.

Ndani wamekaa majirani. Nguva yumo kwenye tangi la maji la plastiki, ametoa pua tu. Kima punju anatafuna makaa, na nikitazama vizuri ni makaa ya jiko langu. Paa nunga amekunja miguu kwenye kona, anatetemeka kabla hajaulizwa neno.

"Kesi ni fupi," anasema kadhi. "Nyuma ya pazia yupo chui jike. Mumewe alitoka kutafuta mbuzi, hakurudi. Yeye akaingia eda. Tangu hapo hajaonekana na mtu, kwa kuwa aliye edani haonekani. Na eda haimaliziki, kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia kifo. Mize, una habari yoyote?"

Kasha lilinizidi uzito mikononi. Nikaliweka chini.

"Walikuja vijana wenye kamera," inasema sauti nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke aliyechoka kwa adabu. "Walizifunga mitini kila mahali. Nikaziambia, hapa pana eda. Zilikuwa na heshima, zikageuza uso. Vijana wakenda kuandika kwamba sipo."

"Bi mkubwa," nikasema, "pole."

"Pole nimezila nyingi, mwanangu. Mimi nataka kuchana nywele."

Nikafungua mdomo kujibu. Paa nunga akaniwahi.

"Dada Mize, fikiri kwanza. Kichaka kile kimesimama kwa sababu watu wanamwogopa chui wa babu yako. Ukisema amekufa, kesho mapanga yanaingia. Mimi n'takwenda wapi? Mimi kwenye mwangaza siwezi hata kula."

"Na mimi miti yangu," akasema kima punju, na mdomo wake mweusi.

Nguva alishusha pua majini, akaipandisha tena. Yeye hana kichaka, lakini nilihisi naye ameliuliza swali lile lile.

Nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wote walikuwa na haki. Ndicho kilichoniuma.

Pazia likatikisika kidogo. "Nimewasikia," akasema mjane. "Mnalala salama kwa hofu ya mume wangu, na siwalaumu. Lakini hofu hiyo mimi ndiye ninayeilipia. Sijatia mafuta kichwani, sijavaa nguo ya rangi, sijasikia harufu ya udi tangu siku aliyoniambia niteleke maji, anakuja na kitoweo. Maji yameshakauka, sufuria imetoboka. Mniambie tu, nimngoje au nisimngoje?"

Hapo nilimwona mama yangu mzazi jikoni, akifunika chakula cha mtu aliyekwisha kula kwingine, na roho ikaniuma kweli. Nikalifungua kasha.

"Babu yangu alimuua, bibi alinisimulia," nikasema. "Alimchoma mkuki ndani ya banda la mbuzi, peke yake. Hakufuga chui hata siku moja. Watu walikuwa wakimsingizia. Alipomuua angeweza kuutembeza mzoga kijiji kizima, akasafisha jina lake. Hakufanya hivyo. Aliificha ngozi."

"Kwa nini?" akauliza kadhi.

"Alikuwa mfupi, hana ndugu, hana mnazi. Tangu waanze kumsingizia, wakawa wanamwamkia yeye kwanza. Alijua siku chui akifa, na shikamoo zimekufa."

Kima punju aliacha kutafuna.

"Shahidi mmoja hatoshi," akasema kadhi.

Ngozi ikajinyoosha ndani ya kasha, ikapiga mwayo. "Mimi mwenyewe nipo," ikasema. "Nilikufa, na iliuma."

"Marehemu hajishuhudii."

"Basi nishuhudie mimi," likasema kasha, kwa sauti ya mbao kavu. "Nimemlaza humu miaka yote. Hajageuka ubavu."

Kadhi akakubali. Akakunja mbawa, akafikiri mpaka nikadhani amelala, kisha akatoa hukumu. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku habari ilipofika. Miezi minne na siku kumi za mama huyu zilikwisha Mize hajazaliwa. Yu huru. Amekuwa huru siku zote hizi."

Nyuma ya pazia mkeka ulichakarika, kama mtu anayejiinua kukaa.

"Kumbe," akasema mjane. Hakulia. "Nani ana chanuo?"

Nilikuwa nalo kichwani, lile la plastiki ya kijani. Nikalipitisha chini ya pazia, na chupa yangu ya mafuta ya nazi. Tukakaa kumsikiliza akijichana, taratibu, kama mtu aliyekwisha kusahau kichwa chake kinaanzia wapi.

Halafu pazia linafunguka, anatoka. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, na madoa yake ni madogo pia, yamesongamana. Ananusa hewa. Ananirudishia chanuo kwa mikono miwili, kama anavyofanya mtu aliyelelewa.

"Ahsante, mwanangu," anasema. Kisha anawatazama majirani mmoja mmoja, na tumbo lake linanguruma. "Mwaniwia radhi. Sijala tangu maji yale yakauke."

Paa nunga ndiye aliyeelewa mwanzo. Aliruka juu ya sinia, akatoka mlangoni, na nikiapa naapa, alikuwa akikimbilia maweni kwa furaha, kama aliyerudishiwa kichaka chake. Kadhi akasema kikao kimefungwa. Pundamilia akashika begi lake, akalitua tena.

Nikaamka. Jogoo wa jirani alikuwa akiwika na Pandu anabisha hodi dirishani.

"Dada, kumekucha. Dalali yuko njiani na vibarua wake. Tunaitoa ngozi, hatuitoi?"

Nilikuwa nimekaa kitandani nalitazama chanuo langu. Lilikuwa juu ya mto, limelowa mafuta ya nazi, na kati ya meno yake mmenasa nywele fupi za manjano, nyingine nyeusi kwenye ncha. Nilizivuta moja moja, nikazifunga kwenye pindo la kanga.

"Itoe," nikasema. "Ianike barazani, kila mtu aione. Waambie dume kafa, babu ndiye aliyemuua, na hakufuga kitu."

Pandu alishusha pumzi upande wa pili wa dirisha. "Alhamdulillahi. Basi hapana tena wa kuogopwa."

"Waambie na jengine, wasije wakasema hatukuwaambia."

"Lipi?"

"Jike katoka eda."