Mkokoteni wa Kalerwe

Naapa mbele ya Mungu, na mbele ya kila askari aliyewahi kupanga mstari pamoja nami, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, basi sinia la pilau la Idi lisifike tena mlangoni kwangu.

Ni kiapo kizuri. Nimekitumia miaka arobaini na sita na hakijawahi kuniangusha, mpaka Jumamosi ile kwenye uwanja wa shule, mtaani kwetu Kyebando. Nilikuwa nimeshika mpini wa mkokoteni, jasho linanitiririka ndani ya koti la mvua la polisi, na mbele yangu amesimama rafiki yangu Ogwang na bunduki ya mti. Alitakiwa aseme maneno matatu tu: umebeba nini humo? Tulikuwa tumeyafanyia mazoezi wiki tatu. Akishasema, mimi natoa kichekesho changu, watu wanacheka, ananipisha, magunia yanafunuliwa, watoto wanatoka wazima, ngoma inapigwa.

Ogwang akanitazama. Kisha akaishusha bunduki.

Mimi ni Saverio Oyat, dereva wa polisi mstaafu. Shule niliiacha darasa la nne. Kusoma nimejiendeleza mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho, na mwisho nimezoea kuutia mimi. Kuna hadithi yangu ya mamba aliyepanda lori langu Karuma, akatulia nyuma kama abiria mwingine, akateremka mwenyewe tulipofika mtoni kwao. Hizo watu huzicheka na kuziacha hapo hapo. Ya mkokoteni ilikuwa tofauti. Ile iliaminiwa.

Niliisimulia hivi. Mwaka ule wa vita, serikali moja ilipokwisha kukimbia na nyingine haijafika, mji ulibaki hauna mwenyewe. Mzee Uthman alikuwa na duka Kalerwe: sukari, mafuta ya taa, vitambaa. Babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, wakaoa hapa, wakazikwa hapa, lakini wiki ile wenye bunduki waliamua kwamba yeye ni mtu wa waliokimbia. Akatoroka usiku kwa njia ya kinamasi. Hakuweza kuvuka na watoto. Aliwafungia dukani, Naila wa miaka saba na mdogo wake Mubarak wa miaka miwili, ambao mama yao alikuwa amekwisha kufa, akawaambia wasifungue mpaka afande aje asubuhi kuwachukua.

Afande mwenyewe ni mimi. Lori langu halikuwa na mafuta, kwa hiyo nikaazima mkokoteni wa mwuza mihogo, nikawalaza watoto, nikawafunika kwa magunia, nikasukuma mpaka kwenye kizuizi pale darajani. Kijana mwenye bunduki akaniuliza nimebeba nini. Nikamjibu: mama mkwe, amekataa kutembea. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Aliiokota akiwa bado anacheka, na mimi nikawa nimeshafika ng'ambo.

Uthman alirudi baada ya majuma mawili, amekonda, akawakuta wanawe kota za polisi wakicheza. Tangu hapo, kila Idi, ile ndogo na ile kubwa, sinia la pilau lilikuja kwangu. Alipofariki, Naila aliendelea. Ni sinia la bati lenye maua ya buluu ukingoni, na huja limefunikwa kitambaa cheupe. Alilileta mwenyewe, hata baada ya kuwa bibi wa watu, na kila mara alisema neno moja.

"Mzee Saverio, uso wa kwanza niliouona nilipotoka kwenye lile giza ni wako."

Na hilo ni kweli. Hilo sihitaji kuliapia.

Basi mwaka huu Shamirah, mwalimu wa historia, akaanzisha tamasha la urithi. Alitaka mambo ya mtaa yaigizwe na watu wa mtaa wenyewe, si kwa vitabu. Watu wa bondeni Bwaise walileta mafuriko yao, magodoro kichwani na kuku mikononi, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha hawakuhitaji kuigiza sana. Mafundi cherehani walileta pasi za mkaa. Mkokoteni wangu ukapewa heshima ya kufunga siku. Jannat, mjukuu wa Naila, angekuwa Naila. Mubarak angekuwa mwanasesere. Mimi ningekuwa mimi, nikiwa na miaka sabini, maana Shamirah alisema hakuna kijana anayeweza kukitoa kile kichekesho vizuri. Ogwang angekuwa mwenye bunduki.

Ogwang na mimi tuliingia polisi siku moja. Kota tulipewa za kupakana, ukuta mmoja kati yetu, hata akikohoa usiku nilimjua ameshikwa na mafua au na mawazo. Nilimsimamia alipomwoa Aryemo. Mwaka ule wa vita alikuwa amepelekwa kazini Arua, mbali na mji, akaniachia mke nimwangalie. Miaka yote hiyo alinisikia nikiisimulia ile safari, kwenye misiba, kwenye arusi, kwenye benchi la kinyozi, na hakuwahi kutia neno. Aliinamia chai yake. Ukimya ule niliuita urafiki.

Katika mazoezi aliniuliza swali moja tu.

"Na Aryemo? Umemweka wapi?"

Aryemo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikamwambia nimemweka mlangoni, analia, ananivuta shati nisiende kufa. Nafasi hiyo tulimpa Kahambu, yule Mkongomani anayeuza vitenge, maana analia vizuri kuliko wote. Watu watapenda, nikamwambia.

Ogwang akakigeuzageuza kile kipande cha mti mikononi.

"Sawa, afande," akasema.

Siku iliyofuata aliniletea lile koti. Lake la zamani, la mvua, refu mpaka kwenye vifundo, alilolitunza tangu enzi hizo. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Nilifurahi kama mtoto.

Siku ya tamasha Kahambu alilia mpaka akaninyofoa kifungo. Watu wakapiga makofi. Nikausukuma mkokoteni kukata uwanja, gurudumu likilia, Jannat chini ya magunia, na Naila amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani, ananitazama kama anavyonitazama kila Idi. Nikafika darajani, yaani kwenye mbao mbili juu ya mfereji. Hapo ndipo Ogwang aliposhusha bunduki.

"Kabla ya kunichekesha, afande, ambia mimi kwanza," akasema. "Hawa watoto uliwapa nini kwa mdomo, wasilie?"

Hilo halikuwemo. Watu walidhani limo. Wakasogea.

Msimuliaji hakosi jibu; akikosa, ni afadhali akauze mkaa. "Peremende," nikasema.

"Ngapi?"

"Mbilimbili. Nyekundu."

Walicheka, na mimi nikapata nguvu, nikavuta pumzi nimlete mama mkwe. Lakini Naila alikuwa amesimama. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na kukisahau.

"Haikuwa peremende."

Katika miaka arobaini na sita sikuwahi kumwuliza anachokumbuka. Hakuna aliyewahi kunisimulia mimi kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nasimulia.

Ogwang akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa cha kioo, akamwendea Naila, akampa kwa mikono miwili. Naila alikifungua, akanusa, akachovya kidole, akakitia mdomoni. Ilikuwa simsim, yaani ufuta, ya kusaga na asali, ile ya kwetu kaskazini, inayonata kama gundi. Alifumba macho.

"Mubarak ilimganda kinywani mpaka jioni," akasema. "Hakuweza kulia hata alipotaka. Nani amesaga hii?"

"Mimi. Vile alinifundisha."

"Nani?"

"Mke wangu."

Alieleza kwa maneno machache, bila kunitazama. Kwamba aliyewafuata watoto siku ile ni Aryemo, amevaa koti la mumewe, kofia yake imemfika machoni, ili wamwone ni askari na wafungue. Kwamba aliyeazima mkokoteni ni yeye, na aliyewafunika kwa magunia ya mihogo ni yeye, na pale darajani hakuna aliyecheka. Walimpiga kofi, wakachukua magunia mawili ya juu, wakamwacha apite na la chini. Kwamba alipofika kota hakungoja, aliurudisha mkokoteni kabla mwenyewe hajaanza kuutafuta. Ndiyo maana hakuonekana. Gunia lilifunuliwa na mtu mwingine, aliyekuwa amekaa ndani ya kota yake.

"Jajja," sauti ya Jannat ikatoka chini ya magunia, ikiniita babu kwa lugha ya hapa. "Nitoke?"

Niliuachia mpini wa mkokoteni.

Niliondoka na koti la watu mwilini. Nitaandika nilivyojisikia, na hapa sitii kitu. Nilijisikia nimeuzwa. Mtu niliyelala naye ukuta kwa ukuta, niliyemshikia pete siku ya ndoa yake, alinivua nguo mbele ya mtaa, mbele ya wauza karanga na watoto wa shule. Angeweza kuniambia faraghani. Angeweza kuniambia mwaka wa themanini. Angeweza kungoja nife, si mbali. Badala yake alikaa, akasaga simsim yake, akanifulia koti. Alinipigia pasi nguo ya kuaibikia.

Majuma matatu sikupita njia yake. Kinyozi alinikaribisha benchini, hakuniomba hadithi. Usiku niliyarudia yale mazoezi, nikitafuta mahali aliponigeukia, na kila mara nilikwama pale pale: Na Aryemo? Umemweka wapi? Nililichukulia kuwa swali la mchezo.

Halafu nikakumbuka mazishi ya Aryemo. Waliniomba niseme neno, mimi niliyemjua tangu ni bibi arusi. Nikasimama kando ya kaburi nikawapa hadithi ya mamba. Watu walicheka huku wanafuta machozi, wakasema Saverio ametufariji. Ogwang peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, anangoja. Nilidhani anangoja mamba ateremke.

Mlangoni kwangu Aryemo alisimama kweli asubuhi ile ya vita, hilo sikulibuni. Ila hakulia. Alijua kwamba Mzee Uthman alikuja kwangu usiku, kwa sababu ya lori, na kwamba nilimpa mkono na kumwahidi. Aliniuliza watoto wataletwa saa ngapi. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshavaa buti. Nikamwambia lori halina mafuta. Aliitazama miguu yangu, akaenda kwake, nikasikia ukutani anatoa koti kwenye msumari. Miaka iliyofuata nilipoanza kusimulia, alimwambia mumewe aniache: acha ale hilo pilau, hana mke wa kumpikia. Haya niliyasikia kwa ukuta ule ule.

Idi ilifika. Asubuhi nilivaa shati safi, kwa mazoea tu, nikakaa nje. Mnamo saa nne Jannat alitokea kwenye kona, na kichwani mwake sinia, kitambaa cheupe, maua ya buluu. Moyo wangu, ulio mjinga kuliko mimi, ukaruka.

Alinikabidhi mikononi. Lilikuwa la moto.

"Bibi anasema si lako, Jajja. Ni la Jajja Ogwang." Aliangalia viatu vyake. "Lakini anasema ulibebe wewe."

Nikaingia ndani, nikalichukua lile koti, nikalitupia begani. Tangu tustaafu na kuhama kota, kutoka kwangu mpaka kwa Ogwang ni kushuka mteremko wote wa Kyebando na kupenya soko la Kalerwe kutoka upande mmoja hadi mwingine, na sokoni wananijua hadi wauza vitunguu. Pilau lilinukia mbele yangu kama tarumbeta. Watu walijipanga pembeni. Mwanamke mmoja wa ndizi akaniita kwa sauti tamu: "Mzee, leo mama mkwe anatembea, au bado umembeba?" Soko likaangua kicheko. Nilikuwa na majibu matano. Nikaendelea kutembea.

Ogwang alifungua kabla sijabisha, labda harufu ilimfikia. Alikuwa amevaa fulana, vidole vyake vina simsim. Alilitazama sinia, akanitazama mimi, hakunyoosha mkono. Sinia la watu sita si mzigo wa mzee.

"Ile lori," akasema. "Asubuhi ile. Ilikuwa na mafuta?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, limesemwa mara nyingi hata limeng'aa kama mpini wa jembe.

"Ilikuwa imejaa," nikamwambia.

Alijipangusa simsim vidoleni. Kisha akalipokea sinia kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani, na mlango hakuufunga. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari ukutani, mtupu. Nikalitundika koti pale, nikarudi kizingitini nikasimama.

Ndani nikasikia sahani ikiwekwa mezani. Nikasikiliza kama itafuata ya pili.