Simu Ambayo Dada Hakuipiga

Kwa miaka tisa dada mtu alikuwa ameongoza ndege kutoka chumba kilekile, chenye feni inayolalamika na meza iliyochubuliwa na viwiko vya watu wa zamu. Kituo chao hakikuwa na rada. Kila ndege kwake ilikuwa kijikaratasi chenye namba, urefu na saa ya kufika mpakani mwa anga yao. Ndege ikikaribia mpaka, alinyanyua simu ya moja kwa moja na kuikabidhi ndege hiyo kwa kituo cha jirani.

Na aliyepokea simu hiyo, siku nyingi, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Yeye ndiye aliyemvuta mdogo wake kwenye kazi hii, akampa madaftari yake, akamkaririsha sheria za anga jikoni huku wakimenya vitunguu. Kituo cha jirani kilipofungiwa rada mpya na kutangaza nafasi, wote wawili waliomba. Mdogo akachukuliwa. Dada mtu akaambiwa asubiri, na alikuwa bado anasubiri. Akimpigia mama yao, hakukuwa na habari nyingine: mwenzio kapelekwa kozi, mwenzio kahamia nyumba nzuri.

"Mwenzio, mwenzio," alimlalamikia mumewe. "Kama vile mimi niliokotwa."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alinyanyua simu.

"Nakupa ndege ya abiria. Futi elfu thelathini na moja, mpakani saa nne na dakika arobaini."

"Elfu thelathini na moja, nne na arobaini. Nimeipokea." Kisha mdogo mtu akashusha sauti. "Dada, mama kakwambia? Wamenifanya msimamizi wa zamu!"

Moyo ulimpasuka pa! "Hongera," alisema, akaweka simu chini.

Msimamizi! Na yeye, aliyemfundisha kushika kalamu, alikuwa bado kwenye kiti chenye gurudumu bovu.

Haikupita muda, rubani wa ndege ile akaita. Mawingu yalikuwa yanawatikisa, aliomba kupanda. Dada mtu alitazama vijikaratasi vyake, akaona upande wake kumetulia, akamruhusu apande mpaka elfu thelathini na tatu. Akakata tarakimu ya zamani, akaandika mpya.

Sheria ilikuwa wazi: ukibadilisha chochote baada ya kukabidhi, jirani apigiwe kwanza, akubali. Mkono wake ulifika kwenye simu, ukasita. Angeisikia tena sauti ile yenye furaha. Pengine angetakiwa kuuliza sherehe ya cheo hicho ni lini.

"Nitampigia baada ya dakika moja," alijisemea.

Dakika ile ilikuja na ndege mbili ndogo zilizotaka kutua kwa pamoja, na simu ikamtoka akilini.

Ikalia yenyewe.

"Dada, ndege yako iko urefu gani?"

Alitazama kijikaratasi. "Thelathini na tatu."

"Uliniambia thelathini na moja! Nina ndege ya mizigo inakatiza hapohapo, urefu huohuo. Ngoja."

Akamsikia mdogo wake akizungumza na rubani mwingine, bila papara: pinda kulia, sasa hivi. Dada mtu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Zimepishana," mdogo mtu alisema hatimaye. "Maili nne."

Zilitakiwa ziachane kwa kumi. Na kitu cha kwanza kilichompita dada mtu moyoni hakikuwa shukrani. Kilikuwa kijicho: hata hili, kalifanya vizuri. Baadaye ndipo alipowakumbuka watu waliokuwa ndani ya ndege zile.

Walimtoa kwenye zamu papo hapo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo simu yake ya mkononi ilipoita.

"Sijaandika ripoti bado," mdogo wake alisema harakaharaka. "Ile laini yetu inakatika kila siku, wote wanajua. Niseme ulijaribu ukanikosa?"

Njia ilikuwa nyeupe. Lakini dada mtu alijiona mezani kwa mama, mwaka baada ya mwaka, akimtazama mdogo wake usoni na kujua kwamba bado ana kazi kwa huruma ya mtu huyu. Asingeweza.

"Andika ulivyoona."

"Dada, watakufungia leseni!"

"Wafunge. Laini ilikuwa nzima. Sikutaka kukupigia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya cheo chako. Nilikuonea wivu."

Sauti ya mdogo mtu ilibadilika. "Watu mia moja na themanini, dada. Unisengenye, uninunie, usije kwenye sherehe yangu. Lakini simu unipigie!" Akakata.

Dada mtu aliingia kwa mkuu wa kituo, akaeleza yote, hata lile la wivu. Mkuu aliacha kuandika. "Hilo la mwisho niliweke?"

"Liweke."

Leseni ilifungwa miezi mitatu, na akaamriwa kurudia mafunzo. Chumba cha mafunzo kilikuwa kimoja tu: kwenye kituo cha jirani, penye rada.

Siku ya kwanza mdogo wake alimkuta mbele ya kioo kikubwa cha rada, ndege zikitembea kama vidoti, kila kimoja na urefu wake pembeni. Hawakukumbatiana.

"Kaa pale," mdogo mtu alisema. "Mwalimu wako anakuja."

Dada mtu alikaa. Kiti kilikuwa laini, hewa ya baridi, kioo kinang'aa. Roho ikamuuma upya, vilevile kama zamani. Akavuta pumzi, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe.

"Msimamizi," aliita bila kugeuka, "hii namba ya pili, chini ya urefu, inamaanisha nini?"

Mdogo wake, aliyekuwa akitoka, alisita mlangoni, kisha akavuta kiti kando yake.